Rekodi ya kwaya inacheza polepole na sauti zimekuwa nzito: 48:59 badala ya 45:00

Nyaya_Nane

Wakuu, naombeni msaada. Kuna rekodi ya kwaya ya traki nane, imetoka kwenye miksa ya dijitali kwa waya wa mwanga wa ADAT hadi kwenye kadi ya sauti ya nje, ya USB, iliyounganishwa na laptop. Ukumbini kila kitu kilisikika sawa, ila hedifoni zilikuwa zimechomekwa kwenye miksa yenyewe, si kwenye kompyuta. Mafaili yakifunguliwa sasa, wote wanaimba kwa kujikokota na sauti zimeshuka. Soprano ni alto, na besi hazisikiki maneno.

Vipimo nilivyonavyo ni hivi. Kamera iliachwa ikirekodi mwanzo hadi mwisho. Kutoka kofi la kwanza hadi kofi la mwisho kamera inaonyesha dakika 45:00 kamili, mafaili ya WAV yanaonyesha 48:59. Wimbo uliopigwa kwenye F, ukiulinganisha na kinanda, sasa uko katikati ya E na E bemoli. Mafaili ni WAV, mono, biti 24, na sifa za faili zinasema 44100 Hz. Mashine ni Windows 11. Nyimbo nyingine na YouTube zinacheza vizuri kabisa kwenye mashine hiyo hiyo.

Nimejaribu Change Tempo ya Audacity (programu ya kuhariri sauti) mpaka urefu ukarudi 45:00. Midomo kwenye video inaendana na maneno, lakini sauti bado nzito, na juu yake umeingia mwangwi fulani wa bati. Tatizo ni draiva au ni mafaili? Na yanaokoleka? Kwaya haiwezi kuitwa tena.

---

mtaa_wa_draiva

Ondoa draiva ya sauti, washa upya, weka mpya kutoka tovuti ya mtengenezaji. Ikishindikana fungua na VLC, bonyeza ] mpaka kasi ikae sawa.

---

Kipimo

Mkuu hapo juu, draiva haihusiki. Amesema YouTube na nyimbo nyingine zinacheza sawa kwenye mashine hiyo hiyo. Draiva mbovu haichagui faili. Na ] ya VLC inaongeza kasi ya kusikiliza tu, faili linabaki lilivyo, tena kwa kawaida VLC inanyoosha sauti bila kupandisha kimo chake (wembamba au uzito wake), kwa hiyo waimbaji wataharakisha wakiwa bado na sauti nzito. Hapo hapo alipo sasa.

Nyaya_Nane, umefanya jambo ambalo wengi hawafanyi: umeleta namba. Kasi ikiharibika, usiguse mpangilio wowote kabla ya kugawanya muda unaousikia kwa muda wa kweli. Jibu la mgawanyo huo ndilo linalomtaja mhusika.

Wewe: 48:59 ni sekunde 2939, 45:00 ni sekunde 2700. 2939 ÷ 2700 = 1.0885. Sasa gawanya 48000 kwa 44100: 1.0884. Hakuna haja ya kutafuta zaidi. Hata kinanda chako kinashuhudia, maana uwiano huo ni kushuka kwa nusu toni 1.47, na ukishuka nusu toni moja na karibu nusu ya nyingine kutoka F unaangukia kati ya E na E bemoli.

Kilichotokea ni hiki. Faili la WAV ni mlolongo wa namba, na mwanzoni mwake kuna kichwa kifupi kinachosema namba ngapi zichezwe kila sekunde. Miksa yako ilikuwa inatoa sampuli (ndizo hizo namba) 48000 kwa sekunde. Kadi ya USB ilikuwa inafuata saa ya miksa, yaani mapigo yanayopanga kila sampuli, kupitia ule waya wa mwanga, kwa hiyo nayo ilipokea 48000. Lakini mradi kwenye programu ya kurekodi ulikuwa umewekwa 44100, na programu ikaandika 44100 kwenye kichwa bila kuhesabu kinachoingia. Hakuna sampuli iliyopotea wala iliyoharibika. Kichwa ndicho kinachodanganya.

Ndiyo maana hukusikia kasoro ukumbini: hedifoni zilikuwa kwenye miksa, na miksa haikuwa na tatizo lolote.

Dawa yake ni kubadilisha kichwa tu. Hapa kuna vitendo vitatu vinavyofanana kwa jina na watu wanavichanganya:

Kuandika upya kiwango cha sampuli: namba zote zinabaki zilezile, faili linaambiwa tu "zichezwe 48000 kwa sekunde". Muda unapungua na sauti inapanda kwa pamoja. Hiki ndicho unachokitaka.

Kubadilisha sampuli, ile Resample: programu inatengeneza namba mpya ili sauti isikike vilevile kwa kiwango kingine. Faili lako la polepole litabaki la polepole, ila sasa litakuwa la 48000. Watu hufanya hivi, wakisikia hakuna kilichobadilika wanarudi kulaumu draiva.

Kunyoosha muda, ile Change Tempo: programu inakata sauti vipande vidogo na kuvipandanisha ili muda upungue bila kimo kubadilika. Wewe ulihitaji vyote viwili vibadilike, ndiyo maana ulipata nusu ya jibu. Na huo mwangwi wa bati ni alama za maungio ya vipande. Usiongeze Change Pitch juu yake. Yaache hayo, rudi kwenye mafaili ya mwanzo.

Kwenye Audacity: fungua faili la asili, bofya menyu ya traki pale kwenye jina lake, nenda Rate, chagua 48000 Hz. Papo hapo traki itafupika. Angalia mwisho wake, makofi yako mawili yanatakiwa yatenganishwe na 45:00. Kisha Export, WAV, biti 24, na kiwango 48000. Usiende kwenye menyu ya Tracks na kuchukua Resample, hicho ni kitendo cha pili nilichokitaja.

Fanya nakala ya mafaili yote kwanza. Hili halina mjadala.

---

Nyaya_Nane

Nashukuru sana mkuu. Traki ya kwanza imekaa: 45:00, na wimbo umerudi F. Kuna njia ya kufanya zote nane kwa mpigo? Na kuna ibada nyingine mbili zilizorekodiwa kwa mpangilio uleule.

---

Bi_Masafa

ffmpeg, programu ya kubadilisha sauti na video kwa amri za maandishi. Fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye mafaili, kisha:

`mkdir sawa`

`for %f in (*.wav) do ffmpeg -i "%f" -af asetrate=48000 -c:a pcm_s24le "sawa\%f"`

Ukiiweka ndani ya faili la .bat, kila % iwe %%. Kwenye Linux au Mac:

`for f in *.wav; do ffmpeg -i "$f" -af asetrate=48000 -c:a pcm_s24le "sawa/$f"; done`

`asetrate` ndiyo inayoandika upya kiwango bila kugusa namba. Usiichanganye na `-ar 48000`, ambayo inabadilisha sampuli, wala `atempo`, ambayo inanyoosha. Usisahau `pcm_s24le`, bila hiyo ffmpeg itakuandikia WAV ya biti 16 na utakuwa umetupa biti 8 bure. Kama mradi wako wa mwisho lazima uwe 44100, andika `-af "asetrate=48000,aresample=44100"`, kwa mpangilio huo huo, kwanza kuandika ukweli, halafu kubadilisha.

Kuhakiki kabla na baada:

`ffprobe -v error -show_entries stream=sample_rate,channels,duration -of default=nw=1 traki1.wav`

Anayependa kutumia kihariri cha baiti anaweza kurekebisha kichwa mwenyewe. Katika WAV ya kawaida kiwango cha sampuli kiko baiti ya 24 hadi 27 (ukianza kuhesabu na 0), kikiandikwa kuanzia baiti ndogo: 44100 ni `44 AC 00 00`, 48000 ni `80 BB 00 00`. Baiti 28 hadi 31 ni baiti kwa sekunde, na hizo lazima zibadilike pia. Kwa mono ya biti 24, 132300 (`CC 04 02 00`) inakuwa 144000 (`80 32 02 00`). Mtego uko hapa: mahali hapo ni sahihi tu kama sehemu ya `fmt ` ndiyo ya kwanza baada ya neno WAVE. Programu nyingi za studio huweka sehemu ya `bext` au `JUNK` mbele yake na kila kitu kinasogea. Kwa hiyo tafuta herufi `fmt ` kwanza, kisha hesabu baiti 12 kutoka kwenye f: hapo ndipo kiwango kinapoanza. Kwa mafaili nane mimi nisingejisumbua, ffmpeg inamaliza kazi kabla hujakipata kihariri.

---

Kipimo

Niongeze la kuzuia lisijirudie, maana ukirekodi Jumapili ijayo kwa mpangilio ule ule utapata tatizo lile lile.

Kwenye waya wa dijitali saa ni moja tu. Miksa iwe ndiyo yenye saa: ndani yake chagua saa ya ndani, 48 kHz. Kadi ya USB ifuate: kwenye paneli yake chanzo cha saa kiwe ADAT, na taa au maandishi ya kufunga saa yawe yamewaka bila kupepesa. Mradi kwenye programu uwe 48000. Vitu vitatu, namba moja. Kwa video 48000 ndiyo kawaida yake kwa vyovyote, na kamera yako karibu hakika imerekodi hivyo. 44100 ilitokana na mitambo ya mwanzo ya kurekodi sauti ya dijitali kwenye kanda za video, ikarithiwa na CD. Kwa kazi ya kamera haina faida yoyote.

Kosa la upande mwingine lina dalili tofauti. Vifaa vyote viwili vikiwekwa saa ya ndani, kasi itakuwa sawa, ila kila baada ya muda utasikia "tik" au mkwaruzo mdogo. Hiyo ni saa mbili zinazopishana na kadi inalazimika kutupa au kurudia sampuli. Hakuna programu itakayolirekebisha vizuri baadaye, bora hata la kwako. Kwa hiyo ukisikia tik usikimbilie kubadilisha waya, angalia saa kwanza.

Jaribio la dakika moja kabla watu hawajafika: miksa nyingi za dijitali zina kitoa toni. Toa toni ya 1000 Hz, rekodi sekunde 30, fungua Audacity, chagua kipande, Analyze, Plot Spectrum, ukubwa 16384, weka kishale kwenye kilele. Ikisoma karibu 1000, endelea na kazi. Ikisoma karibu 919, mradi uko 44100 na miksa iko 48000. Ikisoma karibu 1088, ni kinyume. Usitegemee sikio kwa hili, maana sikio la fundi anayepanga maikrofoni halina muda wa kutambua nusu toni moja na nusu kwenye sauti ya mtu anayesema "moja, mbili".

Na hedifoni za anayerekodi ziwe kwenye kompyuta, zikisikiliza kilichokwisha kurekodiwa, angalau mara moja kabla ya shughuli.

---

sauti_ya_jirani

Samahani kuingilia uzi. Kwangu ni kila kitu. Laptop ya Windows 10, YouTube, VLC, hata mlio wa kuwasha. Vyote vinaenda haraka na sauti nyembamba, na ajabu ni kwamba hata picha ya video inaenda haraka. Video ya dakika 10 inaisha dakika 9 na kidogo. Nayo ni kichwa cha faili?

---

Bi_Masafa

Hapana ndugu yangu, hapo ndipo ile hoja ya draiva ilipotakiwa kuletwa. Kila kitu kikiharibika, mafaili hayana hatia.

Picha kukimbia si ajabu. Programu nyingi za kuchezea video hutumia saa ya sauti kama kiongozi, kwa sababu sikio halivumilii sauti kukatika ilhali jicho linavumilia fremu moja kurukwa. Kadi ya sauti ikila sampuli haraka kuliko inavyodai, picha inakimbizwa nyuma yake. Dakika 9 na kidogo kwa 10 ni 0.919, yaani 44100 zinazochezwa kwa kasi ya 48000.

Kwa kawaida Windows inachanganya sauti za programu zote na kuzibadilisha ziwe kiwango kimoja kabla ya kuzipeleka kwenye kadi. Kwa hiyo kuchagua 44100 au 48000 hakutakiwi kubadilisha kasi hata kidogo. Kukibadilisha kasi, basi draiva inaiambia Windows jambo moja na kadi inafanya jingine.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika `mmsys.cpl`. Kwenye Playback bofya mara mbili kifaa chako, nenda Advanced. Chagua biti 16, 48000 Hz, ondoa tiki zote mbili za Exclusive Mode, bonyeza Apply, kisha Test. Nenda pia kwenye kichupo cha Enhancements, kama kipo, uzime vyote. Mara nyingi inaishia hapo, kwa sababu 48000 ndiyo kasi ambayo kadi tayari ilikuwa inaendea.

Ikirudi tena baada ya kuwasha upya, chomeka hedifoni za USB au spika ya TV kwa HDMI. Zikicheza kasi ya kweli, tatizo liko kwenye kadi ya ndani na draiva yake. Device Manager, Sound, video and game controllers, bofya kulia jina la kadi, Update driver, Browse my computer, Let me pick, kisha chagua High Definition Audio Device, ambayo ni draiva ya jumla ya Windows. Washa upya. Baadhi ya laptop haziionyeshi kwenye orodha. Hapo chukua draiva ya modeli yako kamili kwa mtengenezaji wa laptop, si ile ya jumla ya mtengenezaji wa chipu.

Kama unatumia Windows ndani ya mashine pepe (kompyuta ya programu ndani ya kompyuta nyingine), pima kwanza sauti ya mashine yenyewe. Mashine pepe iliyolemewa hutoa sauti inayokokota na kukatika, na huko ndani hakuna mpangilio utakaokusaidia.

---

sauti_ya_jirani

48000 imekaa, na imebaki baada ya kuwasha upya. Asante sana dada.

---

pingu_wa_Linux

Kwa wanaotumia Linux, njia ya kumkamata mwongo ni fupi zaidi. Sauti ikiwa inacheza:

`cat /proc/asound/card*/pcm*p/sub*/hw_params`

Mstari wa `rate` ni kile ambacho mfumo unaamini umeiambia kadi. Halafu tengeneza toni ya sekunde 60 na uipime kwa saa, ukipita moja kwa moja kwenye kadi:

`sox -n -r 48000 -b 16 -c 2 toni.wav synth 60 sine 1000`

`time aplay -D hw:0,0 toni.wav`

Ikiisha kwa takriban sekunde 60, kadi ni nzima na tatizo liko juu yake. Ikiisha kwa 55 au 65, kadi au draiva ya kernel ndiyo inayodanganya. aplay ikilalamika kuwa kifaa kinatumika, simamisha PipeWire, programu inayosimamia sauti kwenye Linux, kwanza: `systemctl --user stop pipewire.socket pipewire`. Baada ya jaribio iwashe tena.

Kadi ikiwa haiwezi 44100 vizuri, ifunge kwenye 48000 na uache PipeWire ibadilishe:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-rate 48000`

Hiyo hudumu mpaka PipeWire izimwe. Ukiandika 0 badala ya 48000 unaifungua. `pw-top` inakuonyesha kiwango cha kila programu wakati inacheza.

---

Kipimo

Kwa kuwa uzi umeanza kuvuta watu wenye namba tofauti, hizi ndizo ninazoziona mara nyingi. Namba ni muda unaosikia ÷ muda wa kweli, kwa hiyo zaidi ya 1 ni polepole na sauti nzito, chini ya 1 ni haraka na sauti nyembamba.

1.088 na 0.919: 48000 na 44100 zimepishana. Hizi ni kesi nyingi kuliko nyingine zote zikijumlishwa.

2 na 0.5: ama 96000 na 48000 au 44100 na 22050, ama idadi ya chaneli. Data ghafi ya mono ikisomwa kama stereo inaisha nusu ya muda na kupanda oktava nzima. Stereo ikisomwa kama mono inachukua mara mbili. Usibadilishe kiwango kabla ya kuangalia chaneli.

3 au theluthi moja: 48000 na 16000. Hutokea kwenye sauti za maongezi, na kwa hedifoni za Bluetooth zikiwa kwenye hali ya simu, ambapo maikrofoni inatoa 16000 na programu ya kurekodi ikaandika 48000.

0.96: filamu ya fremu 24 iliyoharakishwa iwe fremu 25 kwa ajili ya televisheni za PAL. Filamu ya saa 2 inaisha saa 1 dakika 55. Hapo kompyuta yako haina kosa, imetengenezwa hivyo.

Biti zikikosewa, mfano 24 kusomwa kama 16, hupati kasi mbaya. Unapata kelele tupu. Usipoteze muda huko.

Na uwiano usiokaa mahali pamoja, mara haraka mara polepole ndani ya faili moja, haumo kwenye orodha hii. Kama chanzo ni kaseti, angalia mkanda wa mpira na mota ya deki kabla ya kugusa kompyuta.

---

mkusanya_sauti

Hiyo ya 3 imenigusa. Kuna ujumbe wa sauti wa WhatsApp, mamia, unabadilishwa kuwa WAV kwa skripti ya Python ili uandikwe maneno na modeli ya utambuzi wa sauti. WAV zote ziko polepole mara tatu na modeli inaandika upuuzi. Faili lenyewe kwenye simu ni sawa.

---

Bi_Masafa

Ujumbe huo ni Opus (namna ya kubana sauti) ndani ya Ogg (faili linaloibeba). Opus ndani ya Ogg huhesabu muda wake kwa 48000, hata kama aliyerekodi alitumia 16000. Kichwa kina namba ya kiwango cha asili, lakini ni taarifa tu, si amri ya kuchezea. Skripti yako inapokea sampuli za 48000, kisha inasoma ile 16000 kwenye kichwa na kuiweka kwenye `setframerate`. Mara tatu kamili.

Usirekebishe kwa kuandika 48000 tu na kuipa modeli. Modeli kama Whisper inategemea 16000, na ukiipa safu ya namba za 48000 bila kubadilisha itasikia kitu kile kile cha polepole. Hapa sasa ndipo kubadilisha sampuli kunapohitajika kweli:

`ffmpeg -i ujumbe.opus -ar 16000 -ac 1 ujumbe.wav`

Hakiki faili moja kwa ffprobe: muda wa WAV ulingane na ule unaoonekana kwenye simu. Ukilingana, ziendeshe zote.

---

Nyaya_Nane

Mrejesho. Traki zote za ibada tatu zimerekebishwa kwa asetrate, zote zimekaa kwenye kimo chake. Nimepima pia kwa toni kwenye miksa: kwa mradi wa zamani imesoma 919, mradi wa 48000 na saa ya ADAT imesoma 1000.

Limebaki dogo. Ibada ya pili ina makofi mawili yaliyotenganishwa na 45:00 kwenye kamera, na kwenye WAV iliyorekebishwa ni 45:00.12. Mwanzoni midomo inaendana kabisa, mwishoni sauti iko nyuma kidogo. Kichwa bado kina kasoro?

---

Kipimo

Kichwa sasa kinasema kweli. Huo ni mpishano wa saa mbili: miksa ina kioo chake (kristali inayoendesha saa), kamera ina chake, na hakuna kilicho 48000 kamili. Sekunde 0.12 kwa dakika 45 ni sehemu 44 kwa milioni, kawaida kabisa kwa vifaa vya bei hiyo. Kwa fremu 25 ni fremu tatu, na fremu tatu kwenye uso wa mwimbaji zinaonekana.

Sauti ni ndefu kuliko picha, kwa hiyo icheze haraka kidogo: 48000 × 2700.12 ÷ 2700 = 48002.1. asetrate inapokea namba kamili, kwa hiyo weka 48002, kisha irudishe kwenye 48000 ili programu ya video isichanganyikiwe:

`ffmpeg -i traki1.wav -af "asetrate=48002,aresample=48000" -c:a pcm_s24le traki1_video.wav`

Traki zote nane zipite kwenye amri hiyo hiyo kwa namba hiyo hiyo, la sivyo zitaachana zenyewe kwa zenyewe. Mabadiliko ya kimo ni madogo mno kusikika. Ibada ya tatu ipimie makofi yake yenyewe, usitumie 48002 kwa kukariri, kwa sababu kioo hubadilika na joto la ukumbi. Na kwa kazi ya sauti peke yake, bila video, acha faili la 48000 lilivyo.

---

mtaa_wa_draiva

Kama kamera ilikuwa simu, pima kofi la katikati pia. Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na kasi moja, na hapo sauti na picha zinaachana katikati hata kama mwanzo na mwisho vimekutana. Kabla ya kuhariri ipitishe kwenye HandBrake (programu ya kubadilisha video), kichupo cha Video, Constant Framerate, fremu 25 au 30 kulingana na simu.

---

Nyaya_Nane

Kamera ni ya kawaida, si simu, na kofi la katikati limekaa. 48002 imekubali, mwisho midomo na maneno vimekutana. Uzi unaweza kuwekwa alama ya umetatuliwa.